Mkunjo

Ukanda una mkunjo mmoja mweupe
pale bizimu ilipokaa miaka kumi na mitatu.
Torleif anairudisha hapohapo bila kutazama,
kama mtu anayeingiza ufunguo gizani kwenye mlango wa kwake.
Kisha anasimama gatini, mtungi mgongoni,
na mtungi unalalia kushoto
kama mbeleko iliyofungwa na mwenye haraka.

Sisemi kitu. Ni Februari hapa Frøya, maji nyuzi nne,
shakwe wanagombania matumbo ya samaki kwenye ngazi.
Yeye ndiye aliyenifundisha kuokota kombe kwa mkono,
moja baada ya moja, bila kuukwaruza mwamba.
Yeye ndiye aliyenipiga kofi la kisogo
siku nilipofunga mkanda wa tumbo
ukaubana mpira wa hewa ya akiba.

Lakini hospitali ya Trondheim imemrudisha
pungufu ya kilo kumi na tisa.
Mkewe, Gudny, amepunguza suruali zake zote,
ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa saa.
Ukanda huu hakuna aliyethubutu kuugusa.

"Umelegea," nasema hatimaye.
"Ni suti. Suti mpya hulegea."
Suti si mpya. Kiraka cha gotini nilikibandika mimi.

Namwambia aguse valvu nyuma ya kisogo.
Mkono unapanda, unapapasa, unakamata upepo.
Bamba limeshuka karibu na kiuno
na valvu imeshuka nalo.
Anajaribu tena. Anajaribu kwa mkono mwingine.
Mtu asiyeifikia valvu yake, huko mita ishirini...
Sentensi hiyo hatuimalizi, si mimi, si yeye.

Anageuka, ananipa mgongo.
Hayo ndiyo maneno yake yote.
Watu wa kisiwa hiki hawaombi.

Navua glavu. Chumvi imeukausha ukanda kama ng'onda,
hautaki kupinda. Nausukuma kwenye bizimu,
nautoa, naurudisha, naung'ata kidogo kwa meno.
Bega la kulia, sentimita mbili.
La kushoto, tatu na nusu,
maana kushoto ndiko walikokata;
sikuambiwa, kidole kimejua chenyewe.
Pete ya kifuani naishusha isikalie kovu.
Anavuta pumzi. Nangoja aitoe.

Vidole viwili vipite kati ya ukanda na bega:
viwili, alinifunza, si kucha, si ngumi.
Ukikaza mno umejinyonga mwenyewe,
ukilegeza mno umezama na mzigo wenye akili zake.
Napitisha vidole viwili.
Chini yake kuna mfupa ambao mwaka jana haukuwapo,
au ulikuwapo, umefunikwa na mtu.

Mkanda wa mapajani sikuugusa.
Huo aliufunga mwenyewe,
akitukana, nami nikitazama boti.

"Ruka kidogo," nikasema. Akaruka.
Mtungi ukaruka naye, ukatua naye, haukuchelewa.
"Valvu." Mkono ukapanda kwa uvivu wa zamani,
kidole kikaifikia, kikaizungusha nusu, kikairudisha,
na uso wake haukuonyesha lolote
isipokuwa masikio, yaliyokuwa mekundu kwa baridi
au kwa kitu kingine.

Mkia wa ukanda ulibaki ukining'inia kifuani,
mrefu, na mkunjo mweupe ukiwa katikati yake,
mahali pasipo na bizimu tena.
Unaweza kunasa. Nikachomoa kisu.

"Usikate," akasema.
"Utanasa kwenye mwani."
"Ukunje. Uchomeke chini ya mpira."
"Wa nini tena?"
Akatema mate ndani ya barakoa, akasugua kioo,
akasuuza, akatazama maji kama anayekagua bei.

"Nitanenepa," akasema.

Nikaukunja mara mbili.
Nikauchomeka chini ya mpira, nikaupiga kofi dogo ukae.
Akaweka kipumulio kinywani, akapiga hatua moja ndefu,
na bahari ikamfunga
bila kumuuliza vipimo.